Nyumba Isiyo na Nywila

Katika mteremko wote ule wa chini ya mlima Loleza, nyumba ya Mwalimu Subilaga ndiyo pekee iliyobaki na mtandao usiofungwa. Kila mtu alijua, na karibu kila mtu alimwona amechanganyikiwa. Majirani walikuwa wamefunga ya kwao kwa sauti kama sheria ilivyotaka: unazungumza na kisanduku cha ukutani, kisanduku kinakutambua, kinakupa njia. Sauti kisiyoijua hakiipi kitu. Subilaga alipoambiwa naye afunge, alicheka kile kicheko chake cha kutoka tumboni. Akasema yeye ni mwalimu wa kwaya, hajawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya sauti yake, hata wale wanaoimba kana kwamba wanagombana na wimbo.

Badala ya nywila aliweka adabu. Ukitaka mtandao wake, unasimama getini, unaita hodi, unakaribishwa, unakaa kwenye benchi la ukutani na kufanya yako. Jina hakuulizi, unakotoka hakuulizi. Lakini hodi uite, tena uiite vizuri, kwa maana kwao anayeingia kimyakimya ni mwizi, na mwizi hapewi chai.

Basi waliokuja kwenye benchi lile walikuwa hasa watu wa bondeni. Ardhi yao ilikuwa imetwaliwa iwe bwawa, na wao wakagoma kusajili sauti zao, kwa sababu aliyesajili sauti alihesabiwa amekubali kuhama. Asiye na sauti kwenye orodha ya Idara ya Mawimbi hakuwa na njia popote: hakutuma salamu, hakuona daktari, hakujua hata ndugu yake wa mkoa wa pili yuko hai au amezikwa. Kwa Subilaga alipata vyote hivyo, na chai ya tangawizi juu yake.

Jumamosi moja alasiri, Subilaga alikuwa akipanga viti vya wanakwaya uani, mumewe Asegelile amekaa mlangoni na kikombe chake, mara ikasikika sauti ya kike getini.

"Hodi hapa."

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa.

Aliyeingia alikuwa binti wa rika la mwanawe Ipyana, amevaa sare ya kijani ya Idara, amekumbatia boksi refu kuliko kifua chake. Aliliegesha ukutani taratibu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Naitwa Winfrida Chaula, natoka Idara ya Mawimbi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Ila kama ni habari ya kufunga mtandao, umejichosha bure na mlima huu. Sifungi."

"Hapana mama, wala usifunge." Binti akatabasamu. "Nimeleta kinanda kwa ajili ya kwaya. Idara inakushukuru."

Subilaga alilitazama boksi, kisha akamtazama yeye. Kinanda cha kwaya kilikuwa kimekufa sauti za juu zote, na alikuwa ameomba kingine kanisani mpaka watu wakaanza kumkwepa. Angepaswa kufurahi. Lakini Idara haikuwahi kumpa mtu hata kalamu.

"Mnanishukuru kwa lipi?"

Winfrida akageuka kumtazama Asegelile. "Baba, kumbe hujamwambia?"

"Tulikubaliana asisumbuliwe," alisema Asegelile. Kikombe kilikuwa kimetua chini bila yeye kujua alikiweka saa ngapi.

"Sijamsumbua, baba. Namshukuru tu." Akamgeukia tena Subilaga, uso mkunjufu kabisa, uso wa mtu anayeamini anatoa habari njema. "Mama, benchi lako limetusaidia kuliko vituo vyetu vyote. Watu wa bondeni hawasogelei kifaa chochote chenye kusikia. Kwako wanakuja wenyewe. Yule Mzee Ambakisye tulimtafuta mpaka tukakata tamaa."

"Mzee Ambakisye amevuka kwenda Malawi," alisema Subilaga.

Alikuwa na uhakika. Mzee yule alikuja kila alipopata nafasi kuzungumza na binti yake, na siku moja, wanakwaya wakiwa katikati ya wimbo, alianza kuwatilia besi akiwa palepale benchini, besi nzito mpaka watoto wa sauti ya kwanza wakanyamaza kusikiliza. Alipoacha kuja, Subilaga alimkumbuka sana. Asegelile ndiye aliyemwambia kwamba mzee amevuka, amesikia sokoni.

"Yuko kambini, mama. Wako wengi pale, wanakula, wanatibiwa." Winfrida alishusha sauti kama mtu anayefundisha kazi. "Unajua mawimbi ya kisanduku yanapita kwenye mwili wa mtu, na yakirudi yanakuwa yameonja pumzi yake. Kila mtu anapumua kwa namna yake. Lakini pumzi peke yake mahakama haiitaki, inataka sauti. Sasa wewe umewazoesha kuita hodi. Tukaweka sikio dogo kwenye nguzo ya geti. Hodi yake, tukiilinganisha na sauti tulizorekodi kwenye mikutano ya bwawa, inatuambia ni nani, na karibu ya mwenye nyumba inathibitisha kwamba aliingia kwenye nyumba yenye mwenyewe. Zikikutana hizo mbili, kesi haina maswali. Hivyo ni kama umetuwekea sahihi kwa kila mmoja."

Subilaga alikaa. Kiti alichokalia kilikuwa cha mtoto wa sauti ya kwanza, kifupi, magoti yakamfika kifuani.

"Kila mmoja," alisema.

"Kila mmoja. Amebaki mmoja tu wa kutusumbua, yule mwenye mtoto mwenye kifaa cha moyo. Yeye haiti. Anapiga makofi getini, au anakohoa. Mtoto ana umri ambao sheria haimgusi, lakini mama yake ndiye aliyewashawishi wengi wagome. Mfundishe kuita, mama. Wewe si mwalimu wa sauti?"

"Na mtoto?"

"Atapelekwa kituo cha watoto. Dozi zake atapata, usiwe na wasiwasi."

Winfrida alikataa chai, akasema ana mwenzake anayemsubiri garini pale darajani, watakuwepo mpaka jioni. Akaaga kwa heshima zote, akaondoka, akirudishia geti polepole ili lisigonge.

*

Subilaga hakumuuliza mumewe kama ni kweli. Uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Tangu lini, Baba Ipyana?"

"Tangu nilipotengeneza taa ya geti."

"Uliniambia ni waya umeliwa na panya."

"Walikuja ukiwa kanisani." Alikuwa ameinuka, mikono inatafuta pa kukaa. Alikuwa fundi wa reli miaka mingi, mtu wa maneno machache, na sasa maneno yalimtoka kwa fujo. "Walikuwa na kesi yako tayari, Mama Ipyana. Kuacha mtandao wazi kwa wasiosajiliwa ni kifungo, ulikuwa hujui? Walisema nichague, sikio kwenye nguzo ya geti, au wakuchukue palepale kanisani, mbele ya kwaya yako. Ningefanya nini? Nikakuchagua wewe."

"Hukunichagua. Ulinitumia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alilisema hilo bila aibu, kama mtu anayetaja sababu ya kununua dawa badala ya nyama. Kilichompanda Subilaga hakikuwa kilio. Ilikuwa hasira, hasira ya aina ambayo hakuwahi kuielekeza kwa mtu huyu tangu waoane. Walikuwa wamezika wazazi pamoja na kulea mtoto pamoja. Alikuwa anajua anavyokoroma, anavyokwepa kula maharage ya jana. Hili hakulijua.

"Ulikuwa umekaa hapo hapo mlangoni," alisema. "Nikiwakaribisha unasikia. Chai unanisaidia kuwapelekea. Mzee Ambakisye ulimshika mkono, ukamuuliza habari za binti yake."

"Nilimuuliza kwa sababu nilimpenda yule mzee."

"Nyamaza. Hilo usiliseme."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anapasua kuni, na kila pigo lilisikika kama liko uani mwao.

Sasa hebu fikiri shida iliyokuwa mbele yake. Yule mwenye mtoto aliitwa Tumpale, na binti yake mgongoni aliitwa Sekela. Kifaa cha kifuani mwa Sekela kilihitaji kila Jumamosi kupokea maelekezo mapya kutoka hospitali, watu wakayaita dozi ingawa haikuwa dawa. Hospitali iliituma kwa kifaa chochote bila kuuliza mtu. Kilichokosekana kwa mtu wa bondeni ni njia ya kuipitisha. Mara moja radi ilikata mtandao, na Subilaga aliona kwa macho yake mtoto yule akilegea benchini, midomo imekuwa rangi ya zambarau, mpaka mtandao uliporudi. Kuuzima mtandao ni kumuua Sekela. Kuuacha ni kumpa Winfrida mama wa Sekela, na mtoto akue kituoni kwa watu asiowajua.

Na kilichomuuma zaidi ya vyote ni hiki, ambacho hakumwambia Winfrida wala Asegelile. Jumamosi iliyopita alikuwa amemkaripia Tumpale. Kwa upendo, lakini alimkaripia. "Mwanangu, makofi ni ya kuita kuku," alimwambia. "Mtu mzima anaita hodi. Vuta pumzi, toa sauti tumboni, usiitolee puani." Na Tumpale akacheka, akainamisha kichwa, akaahidi kwamba atajifunza.

"Nakwenda kumsubiri barabarani," alisema Subilaga, akajifunga khanga kiunoni.

"Nisikilize kwanza." Asegelile akamshika mkono. "Huyu sitamgusa. Naapa mbele ya Mungu. Naapa kwa Ipyana. Akija, nitakaa kimya kama sijui lolote."

"Niachie mkono."

"Niambie kwanza kwamba umenisamehe."

"Baba Ipyana, niachie mkono."

Ikaja sauti kutoka getini, sauti ya mwanamke kijana iliyotoka tumboni sawasawa, nene, safi, haina haya hata kidogo.

"Hodi."

*

Subilaga aliinua kiganja kumzuia mumewe asipumue hata. Sikio la getini lilikuwa limeshapata nusu yake. Nusu ya pili ilikuwa kinywani mwake yeye mwenye nyumba, na neno lenyewe lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno kwa mazoea ya maisha yote. Alilimeza. Hakuwahi katika maisha yake kusikia hodi asiijibu. Alisimama pale ameziba mdomo kwa mikono miwili, akiomba kwamba Tumpale achoke, akasirike, amwone mwanamke mwenye roho mbaya, aondoke. Angemkimbilia kwa nyuma, kupitia kwenye mikaratusi, mbali na nguzo.

"Hodi wenyewe," sauti ikarudia, na safari hii ilikuwa na kicheko ndani yake. Alikuwa anajivunia.

Subilaga alimtazama mumewe. Asegelile naye alikuwa anamtazama, macho yamejaa machozi, na kabla hajafungua mdomo Subilaga alijua.

"Karibu mama," alisema Asegelile kwa sauti yake ya upole, ile ile aliyowasalimia nayo wageni wote. "Pita ndani."

Kisha akamnong'oneza mkewe, "Ungenyamaza wangekuchukua wewe. Siwezi. Nisamehe, siwezi."

Kiapo chake hakikuwa kimepoa.

Subilaga aliingia sebuleni, akashika kisanduku cha ukutani kwa mikono miwili, akakivuta mpaka misumari ikatoka na chokaa. Kilikuwa chepesi, kikubwa kama mkate wa boflo, na taa yake iliendelea kuwaka kwa betri yake ya ndani. Akakizima, akakikunja kwenye khanga, akatoka.

Asegelile alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Kisanduku kikivuka geti ni kosa kubwa kuliko wageni wote," alisema. "Kitakachotumwa popote kitakuwa kimetumwa na wewe. Watakubeba papo hapo, Mama Ipyana, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sheria ndivyo inavyosema. Yote niliyoyafanya yatakuwa ya bure. Sitaweza kukutetea tena."

"Usinitetee."

Akampita. Hakumgusa, wala yeye hakuthubutu kumgusa.

*

Tumpale alikuwa ameshaingia hatua kadhaa, Sekela mgongoni, uso unang'aa kwa ile raha ya mwanafunzi aliyepatia. Subilaga alimkamata mkono bila kusema lolote, akamtoa nje ya geti, akamvuta mpaka nyuma ya mikaratusi ambako ukuta uliwaficha. Hapo ndipo alipofungua mdomo. Alimweleza kwa maneno machache, nguzo, sikio, Mzee Ambakisye, na gari lililoko darajani. Hakumficha la mumewe. Wala hakujificha yeye.

Tumpale alisikiliza mpaka mwisho. Ile raha ilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Ni wewe uliyenifundisha kuita," alisema.

"Ni mimi."

"Kule tunakolala nilikuwa nafanya mazoezi. Wenzangu wananicheka. Nikawaambia kuna mama mmoja anapenda kuitiwa hodi vizuri, nataka nimfurahishe."

Subilaga alitaka kupiga magoti. Lakini magoti yangemsaidia yeye peke yake, na muda haukuwepo. Akakunjua khanga, akamnyooshea kisanduku.

"Kina betri. Mkifika mbali kiwashe, mtoto apate dozi, ukizime, muondoke hapo mara moja. Jumamosi nyingine fanya hivyo hivyo, mahali pengine. Kikizimwa hawakioni. Hospitali haitajali, itaona ni nyumba yangu tu."

Tumpale hakukipokea. Alirudi nyuma hatua moja, mkono wake umekwenda nyuma kushika mguu wa mtoto.

"Nitajuaje kwamba hiki nacho si mtego?"

Subilaga angeweza kuapa kwa Mungu. Angeweza kuapa kwa mwanawe. Lakini viapo hivyo vyote alikuwa amevisikia muda si mrefu uani kwake, kutoka kwa mtu aliyemwamini kuliko Tumpale alivyowahi kumwamini yeye, na alijua vilikuwa na thamani gani.

"Huna namna ya kujua, mwanangu."

Walitazamana. Sekela alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wa mama yake, hasemi kitu, na pembeni mwa midomo yake ile rangi ilikuwa imeshaanza. Tumpale aligeuza shingo akaiona. Alikinyakua kisanduku, akakisokomeza kwenye mbeleko, kati ya mgongo wake na kifua cha mtoto.

"Usinifuate," alisema. "Na usiniite mwanangu."

Akashuka bondeni kwa haraka, akiweka miguu penye nyasi pasipo vumbi. Hakuaga. Subilaga alimtazama mpaka hakuna kilichokuwa kikitikisika tena kule chini, halafu akapanda barabarani kukutana na gari.

Lilikuwa linakuja kwa kasi kutoka darajani. Lilimfikia karibu na ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Winfrida aliteremka kabla halijasimama vizuri, kifaa mkononi, tabasamu limekwisha.

"Mama, mtandao wa nyumba yako umepotea. Yule mwanamke amepita wapi?"

"Kisanduku nimekitoa mimi," alisema Subilaga. "Nimekivusha geti kwa mikono yangu, nikampa mtu. Andika hivyo."

"Umempa nani?"

"Si wewe unayejua sheria? Kwanza unambeba mwenye nyumba."

Binti alitazama mikaratusi, akatazama bondeni, akamtazama mwenzake aliyekuwa kwenye usukani. Walikuwa wawili tu na gari lilikuwa moja. Mwenzake akatikisa kichwa, akanyooshea kidole kiti cha nyuma. Subilaga hakungoja kushikwa. Alifungua mlango mwenyewe, akaingia, akakaa, akakusanya khanga yake tupu mapajani.

Asegelile alitokea getini anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka. Alifika akashika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote, mzee wa watu anahema, anajaribu kumwambia binti wa Idara kwamba kuna makosa, kwamba wao wana makubaliano, kwamba mke wake hajui alitendalo. Kisha akainama dirishani.

"Mama Ipyana. Niangalie basi. Ni kwa ajili yako. Yote yale yalikuwa kwa ajili yako."

Subilaga alitazama mbele, mgongo wa kiti cha dereva.

"Funga kioo, mwanangu," alimwambia Winfrida. "Twende."